Mama Kona Anatafuta Hodhi la Nyumbani Kwake

Saa moja kasoro asubuhi, duka la vifaa vya bafuni bado limefungwa, na nyuma ya kioo kikubwa cha mbele mwanamke amejilaza ndani ya hodhi la kuogea. Ana soksi miguuni, kitambaa cha kufutia kifuani, macho ameyafumba. Hodhi lenyewe ni kavu, na bomba lake linalong'aa halijaunganishwa na chochote. Wapita njia waliomzoea wanapita zao. Asiyemjua husimama akagonga kioo kwa wasiwasi, akidhani mtu amezidiwa humo ndani.

Hajazidiwa, yuko kazini. Hodhi la kona huwezi kulifuta ukiwa umesimama nje, kwa sababu ile pembe ya ndani kabisa, pale kuta mbili zinapokutana, mkono haufiki. Lazima uvue viatu, uingie, upige magoti, ndipo ufute. Na ukishamaliza, ukajiegemeza kidogo kuvuta pumzi, nani atakulaumu?

"Hapo kwenye kuvuta pumzi ndipo ninapoishi," anasema, huku akiinuka taratibu kwa kushika ukingo. "Kwingine kote ninapita tu."

Wenzake dukani wanamwita Mama Kona, na hata bosi siku hizi amesahau jina lake la kwenye karatasi za mshahara. Alianza kazi hapa kama mfagizi, kifungua mimba wake akiwa bado wa mgongoni. Kijana huyo sasa ananyoa ndevu. Katikati ya safari hiyo, muuzaji mmoja aliacha kazi ghafla, mteja akauliza ni hodhi gani halimuumizi mtu shingo, na mfagizi akajibu bila kufikiri, maana alikuwa amelala ndani ya yote. Bosi alicheka, akampa kazi ya kuuza. Kufuta hakukuacha. Anasema akiacha kufuta, atauza kitu asichokijua.

Leo asubuhi amefuta mahodhi yote isipokuwa moja. Liko nyuma kabisa ya duka, karibu na mifagio, na vumbi la juma zima limetulia kwenye pembe yake. Ukimuuliza kwa nini ameliruka, anacheka tu na kukuambia ungoje mpaka saa nane.

Haya, tungoje.

Uuzaji wake hauna mbwembwe. Mteja akija na karatasi ya vipimo, anaipokea kwa mikono miwili, anaisoma, anaiweka mezani, kisha anamwomba avue viatu. Maneno yake ni yaleyale siku zote: ingia, lala, funga macho, usiseme kitu mpaka nikuulize. Watu wazima wanaona haya. Wanatazama huku na huku, wanashika sketi, wanabana tai, wanaingia kama watoto walioambiwa wapande farasi wa mbao. Halafu mabega yanashuka, duka linanyamaza, na Mama Kona anaondoka kidogo ili wabaki na ndoto zao.

Bwana mmoja mwenye suti alilala hivyo hivyo mpaka akakoroma. Mkewe hakumwamsha. Alivuta kiti akakaa pembeni, mkoba mapajani, wateja wengine wakawa wanapita kwa kunyata. Alipoamka aliuliza bei, akalipa, wala hakuomba apunguziwe.

Sharti la Mama Kona ni moja tu, na bosi amechoka kubishana nalo: anayeingia kulijaribu awe ndiye atakayeoga. Anayelipa anaweza kusimama nje na pochi yake. Waume waliokuja peke yao kuwachagulia wake zao zawadi ya kushtukiza wamerudishwa nyumbani kwa upole, na wengine kwa hasira zao. Mlete mwogaji, anawaambia. Mwili wa mtu haununuliwi kwa kukisia.

Mshahara wake unatosha chakula na ada ya shule ukiubembeleza. Hodhi la kona kwa bei ya dukani lingetaka nyumba nzima isile wala isivae kwa miezi mitano. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mama Kona hakuwa na hodhi ila ndoto yake, na hiyo haikumgharimu kitu.

Ndoto yenyewe ilikuwa na mahali pake. Ni lile hodhi kubwa la pale kiooni, rangi ya maziwa, lenye kina, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, limepinda mbele kama kiganja kilichokunjwa kidogo. Asubuhi jua huingia kwa mshazari na kulijaza mwanga mpaka ukingoni. Akiwa amelala humo, Mama Kona alikuwa akiona dari la nyumba yake ambayo haikuwa imejengwa bado. Aliona kioo cha dirisha kikipata ukungu wa mvuke, akasikia watoto wake wakibishana sebuleni kwa mbali, sauti zao laini kwa sababu masikio yake yalikuwa chini ya maji. Maji hayakuwepo. Lakini anaapa kwamba kuna siku alitoka humo akajikuta anatafuta taulo.

"Nimeoga humu mara elfu," anasema, akilipapasa hodhi lile ubavuni, "na sijawahi kulowa."

Nyumba ilikuja polepole. Mumewe ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache na mageti mazuri, na kila geti lililolipwa vizuri liliongeza mstari wa matofali. Vyumba vikaezekwa, jiko likapata mlango, tangi la maji likapanda juu. Bafu ndilo lililobaki mwisho, na ndani ya bafu ikabaki kona moja tupu ambayo Mama Kona alikataa isiguswe. Mumewe alikuwa akimtania kwamba wao ndio watu pekee mtaani wenye kona ya kumbukumbu.

Mwaka jana kona hiyo ikaacha kuwa utani. Mama yake mzazi alianguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, ila uliunga kwa shingo upande, na bibi akahamia kwa binti yake na fimbo yake na begi moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia kwamba kitakachomsaidia zaidi ni kuloweka nyonga kwenye maji ya moto kila jioni, maji ya kumfikia kiunoni.

Nyonga haiingii kwenye beseni. Walijaribu, na Mama Kona anasimulia jaribio hilo huku anacheka na kufuta macho: bibi amekaa kwenye beseni la kufulia, miguu imening'inia nje, wajukuu wamefukuzwa wasione, maji yote sakafuni. Tangu hapo ni taulo zilizochovywa kwenye maji ya moto. Binti anazikamua, anazibandika, zinapoa, anazichovya tena. Mama halalamiki. Anasema inatosha, na akisema hivyo midomo yake inakuwa myeupe.

Kumwelewa mama huyu, anasema Mama Kona, lazima ujue alivyokuwa akioga.

Alikuwa mfuaji wa nguo za watu, mikono kwenye maji tangu asubuhi. Jioni, nyumbani, yalikuwepo maji ya moto sufuria moja na beseni moja la bati, na foleni haikubadilika. Mdogo kabisa anaoga kwanza, maji yakiwa safi na yanatoa mvuke. Anafuata anayemzidi, hivyo hivyo mpaka mkubwa, kisha baba. Mama anaingia wa mwisho, kwenye maji yaleyale, yamekuwa ya kijivu na yamepoa. Kabla hajaingia alikuwa akiuliza kupitia pazia kama watoto wote wameshaoga, asije akawaharibia.

"Tulikuwa tunasikia sauti tu," anasema binti yake. "Anavuta pumzi kwa baridi, halafu kimya. Tukimuuliza, anasema hapendi maji ya moto, yanamtia usingizi. Mimi nililiamini hilo mpaka siku niliyozaa mtoto wangu mwenyewe."

Hapo anasimama, anakwenda kupanga sabuni za maonyesho ambazo tayari zimepangika.

Mpaka leo, nyumbani kwa binti yake, bibi haogi kabla ya wajukuu. Ukimtengea maji mapema anayaacha yapoe. Mazoea yamemkaa mwilini, na kumng'oa humo, anasema mkwewe, ni kazi ngumu kuliko kung'oa geti la chuma.

Basi mwezi uliopita bosi akatangaza kwamba mahodhi ya zamani yote yataondolewa, mapya yanakuja. Yasiyouzwa yatabebwa na lori, na siku ya lori ni Jumatatu hii. Akamwita Mama Kona pembeni, akamwambia achague moja alitakalo kwa bei ya kutupa, maana ameyafuta vya kutosha. Hakumaliza hata sentensi. Mama Kona alikuwa ameshamwambia ni lipi.

Jioni hiyo familia nzima ilikwenda bafuni na chaki. Mumewe alipiga magoti akachora hodhi lile la rangi ya maziwa sakafuni kwa vipimo alivyopewa, upande mrefu, upande mfupi, mkunjo wa mbele. Alipomaliza akafungua mlango kutoka, na mlango ukasimama katikati ya hodhi.

Wakachora upya. Mlango ukasimama palepale.

Ikachukua muda kuelewa, na kosa lenyewe, kusema kweli, hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kulifanya. Wakati bafu linajengwa, Mama Kona alimwelekeza mwashi kwamba upande mrefu uko kushoto. Mwashi, kama waashi wote, alisimama mlangoni, akatazama ndani, akaujenga ukuta mrefu kushoto kwake. Lakini Mama Kona hajawahi kulitazama hodhi lile akiwa amesimama mlangoni. Yeye analijua kwa kulala ndani, mgongo kwenye kona, uso kuelekea chumbani, na kwa mtu aliyekaa hivyo kushoto ni kulia kwa mwenye kusimama. Chumba kizima kilikuwa kimejengwa kinyume.

Alikaa juu ya mfuko wa saruji akacheka mpaka akaishiwa nguvu, na kicheko kikageuka kilio katikati bila yeye kujua kilipogeukia. Mumewe hakumlaumu. Alisema ukuta unavunjika, atafanya mageti mengine mawili, ukuta utavunjwa.

Kicheko ndicho kilichomleta bibi na fimbo yake, akataka kujua kinachochekesha. Mkwewe, kumwonyesha, akapanga matofali pale kwenye chaki mpaka kimo cha ukingo wa hodhi, akamkaribisha aingie kama mteja. Bibi alishika ukuta, akainua mguu. Mguu ulifika kimo cha tofali la pili, ukagoma. Akaujaribu tena kwa kuusaidia na mkono. Kisha akaushusha polepole, akasema ameacha chungu jikoni, akaondoka.

Jikoni hakukuwa na chungu.

Tangu siku hiyo kila akitajiwa hodhi anakataa. Maji ya kujaza kitu hicho ni ya kuoga ukoo mzima. Yeye ni mgeni tu hapa. Yeye beseni linamtosha. Wajenge bomba la mvua, watoto waoge kwa raha zao. Mkwewe, asiyependa kubishana na mama mkwe, ameshanunua hadi mpira wa bomba hilo la mvua, na uko juu ya kabati ukisubiri. Leo ni Jumamosi, na kesho duka halifunguliwi; ikipita leo bila bibi kukubali, hodhi litaondoka na lori na kona itafungwa.

"Wateja wote nawaambia mlete mwogaji," anasema Mama Kona. "Mwogaji wangu alikuwa nyumbani kwangu, anakula sahani moja na mimi, na sikumleta. Nilikuwa nachagulia mgongo wangu mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata ile jioni ya chaki, kabla duka halijafunguliwa, alifanya jambo lililowafanya wenzake wadhani akili imemruka. Alifunga goti lake la kushoto kwa mtandio, kwa nguvu, mpaka mguu ukawa haupandi zaidi ya kimo cha matofali mawili. Kisha akazunguka dukani akichechemea kama mama yake, akijaribu kuingia kwenye hodhi moja baada ya jingine. La rangi ya maziwa lilimshinda. Yaliyofuata yakamshinda. Mwisho akafika nyuma kabisa, kwenye lile jeupe karibu na mifagio.

Ni hodhi ambalo hakuna mtu amewahi kulitazama mara mbili. Pande zake zinalingana, kwa hiyo kona yoyote linaikubali, ya kushoto au ya kulia. Ukingo wake uko chini. Kwenye pembe ya ndani kuna kiti kilichofinyangwa humo humo, kipana, na maji yakijaa humfika aliyekaa kiunoni. Huwezi kulala ndani yake. Ukijaribu, magoti yanakuja kidevuni. Wateja wanaliita la mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa akilifuta haraka haraka na kuondoka, kwa sababu halikuwa na ndoto ndani yake.

Alikaa ukingoni, akazungusha mguu wake uliofungwa, ukaingia. Akahamia kwenye kiti. Akabaki hapo mpaka bosi akafungua mlango wa mbele.

Ndivyo ilivyotokea kwamba leo, saa tano asubuhi, Mama Kona amemuuzia mtu mwingine ndoto yake. Mume na mke, wanahamia nyumba mpya, wameingia ndani ya hodhi la rangi ya maziwa mmoja baada ya mwingine na kufumba macho. Mke alipofumbua alikuwa na uso ambao Mama Kona anaujua vizuri. Amewaandikia risiti. Amewaambia walifute kwa kitambaa laini na waingie ndani wanapolifuta. Vijana wa kubeba walipolitoa mlangoni, alikuwa amewapa mgongo, akihesabu funguo ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Pale lilipokuwa, jua limebaki sakafuni.

Saa nane duka linafungwa. Gari la kuazima la jirani linasimama nje, na mkwe anamshusha bibi kama anashusha kioo. Amevaa gauni lake la kutokea. Anatangaza mlangoni kabisa kwamba amekuja kuona binti yake anapofanyia kazi, hakuna zaidi ya hapo, wasimwekee maneno mdomoni. Hakuna anayembishia.

Anatembezwa. Anagusa mabomba, anajitazama kwenye vioo, anauliza bei ya kibao cha sabuni na kutikisa kichwa. Anasema pananukia usafi, na binti yake anainama kidogo kama mtoto aliyesifiwa shuleni. Wanakwenda hivyo, fimbo ikigonga vigae, mpaka nyuma kwenye mifagio.

Bibi anasimama. Analiangalia hodhi jeupe, kisha pembe yake. Anavaa miwani.

Vumbi lile haliwezi kufichika. Mwanamke aliyefua nguo za watu maisha yake yote anamgeukia binti yake na kumwuliza, kwa sauti ya chini ili mkwe asisikie, kama hivi ndivyo alivyomlea. Mama Kona anajitetea kwamba pembe ni ya mbali, mkono haufiki. Bibi anamwambia asimletee uvivu. Ananyoosha mkono kutaka kitambaa, anapewa, anaegemea ukingo, anajinyoosha. Kweli mkono haufiki.

"Nivue viatu," anasema bibi.

Binti anapiga magoti anamvua. Bibi anakaa ukingoni. Anainua mguu mbaya, matofali mawili, zaidi ya hapo haupandi, na hauhitaji kupanda zaidi. Unazunguka, unaingia. Wa pili unaufuata. Anashika kiti, anakaa, na sasa pembe iko karibu kabisa na bega lake. Anaifuta. Anaifuta vizuri, kwa mizunguko midogo, mpaka inang'aa, kisha anakikunja kitambaa kile mara mbili na kukiweka mapajani.

Amechoka kidogo. Anajiegemeza kuvuta pumzi.

Mkwe anageuka kutazama mabomba. Mama Kona bado yuko magotini, viatu vya mama yake mikononi. Mabega ya bibi yanashuka. Macho yake yanafumba yenyewe. Kwa muda mrefu hakuna anayejua mawazo yake yako wapi, ila uso wake umelegea, na mkono mmoja umeanza kusogea ubavuni mwa hodhi, kama unayapima maji.

"Watoto wameshaoga?" anauliza, macho bado yamefumba.

Sauti ni ileile ya nyuma ya pazia. Mama Kona anasema baadaye kwamba aliitambua mara moja. Aliviweka viatu chini kwanza.

"Bado, mama. Wewe ndiye wa kwanza."

Anamweleza basi, palepale magotini, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Kwamba fundi bomba anakuja Jumatano. Kwamba tangi litajazwa tangu asubuhi. Kwamba maji yatakuwa safi, ya moto, hajayagusa mtu, na wajukuu watakaa sebuleni na taulo zao kungoja zamu, kila jioni, na atakayelalamika ataoga kwenye beseni.

Bibi anasikiliza. Anavuta pumzi ndefu, si ile ya baridi.

"Basi mtanisubiri," anasema, na hafumbui macho.